Kama Mungu alishajua, mimi nachagua nini?

Basi likipinduka na watu wakafa, kauli mbili hutoka vinywani mwa watu walewale, siku ileile. Ndani, kwa wafiwa, husemwa: "Siku yao ilikuwa imefika. Kazi ya Mungu haina makosa." Nje, chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki, husemwa: "Yule dereva afungwe, alikuwa anakimbiza gari kama kichaa." Kama siku ilikuwa imefika, dereva ana kosa gani? Na kama dereva ana kosa, iliyofika ni siku gani? Wengi hapo hunyamaza, au humaliza kwa kusema mambo ya Mungu hayahojiwi.

Yamehojiwa sana, kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na wengi wa waliohoji walikuwa wacha Mungu hasa. Mazungumzo yetu hukwama kwa sababu hufunga maswali matatu kwenye furushi moja. La kwanza: anayejua litakalotokea, je, analazimisha litokee? La pili: kilichoandikwa, je, kitatokea hata nikikaa tu? La tatu: aliyeumba kila kitu, pamoja na mimi na tabia zangu, anawezaje kunihukumu? La kwanza lina jibu. La pili lina jibu jepesi zaidi, ingawa ndilo linaloua watu barabarani. La tatu ndilo gumu, na mtu akikwambia amelimaliza, mwombe akueleze tena taratibu.

Maneno tunayoyachanganya

Kadari ni yale ambayo Mungu ameyapima na kuyapangia kutokea. Waislamu huihesabu imani juu ya kadari kuwa nguzo ya sita ya imani. Wakristo husema zaidi "mpango wa Mungu", na wakiingia kwenye suala la nani ataokoka, husema watu "wamechaguliwa tangu asili", maneno ya Waraka kwa Warumi sura ya 8.

Hiari ina maana mbili, na ubishi mwingi hutokea kwa sababu mmoja anatumia hii na mwenzake ile. Maana ya kwanza: natenda ninachotaka mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Maana ya pili: katika hali ileile, bila kubadilika chochote, ningeweza kutenda kinyume. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, mwishoni mwa karne ya 17, alionyesha tofauti hiyo kwa mfano wa mtu aliyebebwa akiwa usingizini na kuingizwa chumbani, mlango ukafungwa kwa nje. Anaamka, anamkuta humo rafiki aliyekuwa na hamu naye, anaamua kubaki wapige soga. Anabaki kwa kupenda kwake, kwa hiyo hiari ya kwanza anayo. Kutoka hawezi, kwa hiyo ya pili hana, wala hajui kwamba hana.

Kisha kuna sifa za Mungu zenyewe. Watoto wa vyuoni pwani hukaririshwa sifa ishirini za Mwenyezi Mungu, na humo kudura, irada na elimu ni sifa tatu mbalimbali: uwezo wa kufanya, kutaka, na kujua. Mtoto wa miaka tisa huzitaja moja moja bila kukosea. Akikua anazirundika pamoja, anasema "Mungu amepanga" na hapo anakusudia zote tatu kwa mpigo. Masheikh wanaposomesha kadari huigawa daraja nne: Mungu amejua, Mungu ameandika, Mungu ametaka, Mungu ameumba. Kwa hiyo mtu akidai kadari imemfunga, muulize ni daraja ipi iliyomfunga, maana jibu la moja halifai kwa nyingine.

Na nje ya hizo nne kuna kuamrisha na kuridhia, ambako ni jambo jingine kabisa. Mungu ameamrisha uaminifu, na wizi unatokea. Wanazuoni wa Kisunni husema wizi huo haukutokea nje ya matakwa yake, lakini haukutokea kwa ridhaa yake. Kurani katika sura ya 39 aya ya 7 inasema haridhii kufuru kwa waja wake. Kwa hiyo anayeona jambo limetokea akasema "basi Mungu amelipenda" ameruka hatua nzima.

Anayejua halazimishi

Hoja ya kijiweni huenda hivi. Mungu anajua tangu milele kwamba kesho saa saba mchana Juma ataiba simu. Mungu hakosei. Kwa hiyo ni lazima Juma aibe. Kwa hiyo Juma hana hiari, na polisi wanamwonea.

Tundu liko hatua ya tatu. Angalia neno "lazima" limekaa wapi. Ni lazima kwamba kama Mungu anajua Juma ataiba, Juma ataiba. Hilo halina ubishi, kwa sababu jambo lisilo kweli halijuliwi, hudhaniwa tu. Lakini ulazima huo umezifunga sentensi mbili pamoja, haukumfunga Juma. Lijaribu umbo hilohilo mahali ambapo Mungu hatajwi: ni lazima kwamba kama Juma ni kapera, Juma hana mke. Je, imefuata kwamba Juma hawezi kuoa? Hata kidogo. Akioa jioni, itakuwa tu si kweli tena kwamba ni kapera. Kadhalika Juma angeamua kutoiba, Mungu asingekuwa amekosea. Angekuwa alijua tangu milele kwamba Juma hataiba. Ndiyo maana wanateolojia wa Kiislamu walikuwa na kanuni fupi: elimu hufuata kinachojulikana.

Chukua marudio ya mechi. Jana timu yako ilifungwa dakika ya 88, wewe unajua, na leo unakaa kwenye kibanda umiza kuiangalia tena. Unajua kwa yakini kipa atatoka golini na mpira utampita. Kujua kwako hakumsukumi kipa hata unyoya. Alitoka kwa uamuzi wake, na lawama ni zake.

Mfano huo husaidia mpaka hapo, kisha huvunjika mara mbili, na ni vizuri kuona unavunjikia wapi. Kwanza, wewe umejua baada ya mechi, na Mungu alijua kabla. Pili, wewe hukumuumba kipa. Tuanze na hilo la kwanza.

Mbishi makini atasema: ya jana hayabadiliki. Mungu alijua jana kwamba nitaiba leo. Ujuzi huo umeshapita, hauwezi kufutwa. Basi na wizi wenyewe hauepukiki. Hoja hii ina nguvu kuliko ile ya kwanza, na ilijibiwa kwa njia mbili hasa. Boethius, ofisa wa serikali aliyefungwa gerezani Italia akisubiri kuuawa karibu na mwaka 524, alisema kosa ni kumweka Mungu ndani ya kalenda yetu. Mungu haoni mbele, kwa sababu kwake hakuna mbele wala nyuma. Yaliyopita, yaliyopo na yajayo yako wazi kwake kwa pamoja, na kumwona mtu anatembea hakumfanyi atembee. Karne ya 14 William wa Ockham alishika njia nyingine. Alisema si kila kinachotamkwa kwa wakati uliopita kimepita kweli. "Jana mvua ilinyesha" imekwisha. "Jana ilikuwa kweli kwamba Juma ataiba leo" inazungumzia jana kwa maneno tu. Ukweli wake unaning'inia kwa Juma wa leo, na Juma wa leo bado hajaamua.

Kwa maoni yangu jibu la Ockham linatosha hata kwa asiyekubali la Boethius. Na ieleweke kwamba fundo hili halikuletwa na dini. Aristotle alilikuta bila kutaja Mungu yeyote: kama leo ni kweli kwamba kesho kutakuwa na vita vya majini, nani wa kuvizuia? Mwaka 1814 Mfaransa Pierre-Simon Laplace alilisuka upya kwa fizikia: akili inayojua mahali ilipo kila chembe ya ulimwengu na nguvu zinazoisukuma ingeweza kuhesabu yajayo yote kama yaliyopita. Anayedhani akimwondoa Muumba atakuwa huru, amebaki na chembe za Laplace, na hizo hazina huruma wala hazisikilizi dua.

"Kama imeandikwa, imeandikwa"

Sasa swali la pili. Abiria wa bodaboda anaambiwa avae helmeti, anajibu: "Siku ikifika imefika, ajali haina kinga." Wagiriki wa kale waliiita hoja hii ya kivivu, na kwa bahati Mrumi Cicero alituhifadhia umbo lake: kama umeandikiwa kupona ugonjwa huu, utapona, umwite tabibu usimwite, kama umeandikiwa kutopona, hutapona, umwite usimwite, kwa hiyo kumwita tabibu ni bure.

Chrysippus, mkuu wa Wastoiki, shule ya falsafa ya Athens, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, aliamini kila kitu kimeandikwa, tena bila mapengo. Ndiye aliyeivunja hoja hiyo. Alisema mambo huandikwa yakiwa yamefungamana. Ukiambiwa Milo atapigana mieleka kwenye michezo ya Olympia, huwezi kusema "atapigana, awe na mpinzani asiwe naye." Mieleka bila mpinzani haipo. Vivyo hivyo huenda kupona kumeandikwa kupitia tabibu. Hoja ya kivivu huchukua mwisho wa safari ikaiacha njia, halafu ikajifanya njia haikuwamo kwenye mpango. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Anayeamini kadari hana sababu ya kudhani kadari inayajua mauti lakini helmeti haiijui.

Waislamu wana kisa chao cha jambo hili, na kimepokewa katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Karibu na mwaka 639 Khalifa Umar bin al-Khattab alikuwa njiani kwenda Sham, yaani Syria na nchi jirani zake. Alipofika Sargh, mpakani mwa Hijazi na Sham, alikutana na makamanda wake, akiwemo Abu Ubaida bin al-Jarrah, wakampa habari kwamba tauni imezuka huko mbele. Umar hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina, yaani waliohama Makka, wakahitilafiana: wengine walisema umetoka kwa jambo, usirudi, wengine walisema usiwapeleke watu kwenye maradhi. Akawaita Ansari, wenyeji wa Madina, nao vivyo hivyo. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao kwa kauli moja wakasema arudi. Ilipotangazwa kwamba kukicha wanarudi, Abu Ubaida akauliza: je, ni kuikimbia kadari ya Mungu? Umar akajibu kwamba angependa neno hilo liwe limesemwa na mwingine, kisha: naam, tunaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa ngamia: ukishuka nao bonde lenye kingo mbili, moja ina majani na nyingine kavu, ukilisha penye majani umelisha kwa kadari ya Mungu, na ukilisha penye ukavu pia umelisha kwa kadari ya Mungu.

Linalopita masikioni mwa wengi ni kwamba Umar hakusema tauni si kadari, wala hakudai ameishinda. Alichokataa ni ile dhana kwamba kadari iko upande mmoja tu wa bonde, upande wa kukaa kimya. Baadaye alifika Abdurrahman bin Auf, aliyekuwa hayupo wakati wa mashauriano, akaeleza kwamba alimsikia Mtume akisema: mkisikia tauni iko katika nchi msiingie, na ikizuka mlipo msitoke kwa kuikimbia. Msafara ukarudi. Abu Ubaida alibaki Sham na watu wake, na tauni hiyo, inayoitwa ya Amwas, ikamchukua.

Kwa Wakristo, soma Matendo ya Mitume sura ya 27 polepole, hasa wewe unayependa kusema "Mungu ameshanihakikishia". Paulo ni mfungwa ndani ya merikebu iliyokumbwa na dhoruba. Malaika amemwambia hakuna atakayepoteza maisha, na yeye amewatangazia wote. Ahadi imetoka, haina masharti yanayoonekana. Usiku wa kumi na nne mabaharia wanapima kina cha maji, wanaona nchi kavu iko karibu, wanatupa nanga nne nyuma ya chombo, kisha wanashusha mashua ya kuokolea kwa kisingizio cha kwenda kutupa nanga za mbele, kumbe wanataka kutoroka. Paulo anamwambia akida na askari: hawa wasipokaa ndani ya merikebu, ninyi hamtaweza kuokoka. Askari wanakata kamba, mashua inaanguka baharini. Kulipokucha wenye kujua kuogelea wakaruka kwanza, wengine wakashika mbao na vipande vya merikebu, na watu wote 276 wakafika pwani ya Malta. Mtu yuleyule, ndani ya sura ileile, anasema "hakuna atakayekufa" na "mkiwaacha hawa waende mtakufa", wala haoni anajipinga. Wokovu ulioahidiwa ulikuwa na mabaharia ndani yake, na kamba zilizokatwa, na mbao.

Hapo methali yetu "jitihada haiondoi kudura" inasomeka vizuri zaidi kuliko inavyotumiwa. Inasema jitihada haina uwezo wa kumshinda Mungu. Haisemi popote kwamba jitihada haina kazi.

Kisingizio cha baada ya tendo

Kadari ina tabia ya ajabu mitaani: huzungumziwa baada ya tendo, tena kwa kosa langu mimi tu. Hakuna anayeibiwa pikipiki akasema mwizi aachwe, kadari imemtuma. Kurani yenyewe, katika sura ya 6 aya ya 148, inawanukuu washirikina wakisema lau Mungu angetaka tusingeshirikisha, na inawarudi: je, mna elimu yoyote mtutolee? Yaani kabla hujatenda ulikuwa umeusoma wapi huo mpango, hata useme ulikuwa unautimiza?

Wanazuoni walifupisha kanuni kwa maneno mawili ya Kiarabu yanayoingia vizuri katika Kiswahili: kadari hutolewa hoja kwenye masaibu, haitolewi kwenye maaibu. Masaibu ni yaliyokupata; maaibu ni uliyoyafanya. Wanatumia hadithi mashuhuri ya Adamu na Musa. Musa anamlaumu Adamu kwa kuwatoa watu peponi, Adamu anajibu: unanilaumu kwa jambo aliloniandikia Mungu miaka arobaini kabla hajaniumba? Mtume akasema Adamu alimshinda Musa kwa hoja. Kwa haraka hii inaonekana ruhusa ya kila mkosaji. Lakini angalia Musa alilaumu nini: kutolewa peponi, yaani msiba uliowafika wanadamu. Adamu hakusema hakukosa. Kosa lake alishalitubia.

Kwa kipimo hicho, mama aliyefiwa na mwanawe kwenye basi akisema siku ilikuwa imefika, yuko sahihi kabisa. Dereva akisema hivyo mbele ya hakimu, hayuko sahihi, na mwenye basi aliyeambiwa breki zimekwisha akalitoa gari hivyohivyo hayuko sahihi zaidi.

Na dua? Usiku wa kuamkia tarehe 15 Shaaban, katika miji mingi ya pwani husomwa Yasini mara tatu: ya kwanza kwa nia ya umri mrefu katika utiifu, ya pili kwa kinga ya balaa, ya tatu kwa kutowahitaji watu. (Wapo masheikh wanaoipinga desturi hiyo, kwa sababu nyingine ambazo si mada ya leo.) Kama umri umeandikwa, anayeomba uongezwe anaomba nini? Jibu la wanazuoni ni kugawa kadari mara mbili: iliyokatika, isiyorudi, na iliyofungamana na sharti, mfano fulani akimwombea mgonjwa atapona. Katika elimu ya Mungu mwisho unajulikana, na dua imo ndani yake pamoja na jibu lake. Ni jibu lilelile la Chrysippus, limevaa kanzu. Mpiga ramli ndiye hana jibu: anakuuzia habari kwamba nyota yako imefunga, halafu anakuuzia dawa ya kuifungua. Moja kati ya bidhaa hizo mbili lazima iwe feki.

Fundo lenyewe

Turudi kwenye mvunjiko wa pili wa mfano wa mechi. Wewe hukumuumba kipa. Mungu ameumba. Chembe za Laplace nazo hazikumchagua mtu, kwa hiyo hakuna wa kuziuliza kuhusu haki. Muumba angeweza kuumba vingine, na akaumba hivi, huku akijua. Kinachoongezwa na Muumba ni swali la haki.

Wasomi wa Basra walilisimulia kwa kisa cha ndugu watatu, kinachohusishwa na Abul-Hasan al-Ash'ari na mwalimu wake al-Jubba'i. Mmoja alikufa mtu mzima, mwema. Wa pili alikufa mtu mzima, kafiri. Wa tatu alikufa mdogo. Mdogo anauliza kwa nini hakuachwa akue apate daraja ya kaka yake mwema. Mwalimu akajibu: Mungu atamwambia, nilijua ungekua ungeasi, nikakuhurumia. Hapo, akasema mwanafunzi, yule kafiri atapiga kelele kutoka motoni: mbona mimi ulijua, na hukuniua mdogo? Al-Jubba'i hakuwa na neno. Huenda mazungumzo yenyewe hayakutokea hivyo; swali lipo.

Ubishi huu ulianza na damu. Karibu na mwaka 700, wakati wa ukoo wa watawala wa Bani Umayya, Ma'bad al-Juhani aliuawa. Baadaye, katika utawala wa Hisham, aliuawa Ghailan wa Damascus. Wote wawili walifundisha kwamba mtu ni mwenye matendo yake. Ni rahisi kuona kwa nini mtawala dhalimu asingependa somo hilo: kama kila jambo ni kadari tupu, na utawala wake ni kadari, na kodi yake pia. Upande wa pili alikuwepo Jahm bin Safwan, aliyesema mwanadamu hana tendo kabisa, na kusema "Zaid ametembea" ni sawa na kusema "jua limezama." Naye aliuawa, mwaka 746.

Mu'tazila, kundi la wanateolojia wa Kiislamu, walichagua haki: Mungu mwadilifu haadhibu asichokifanya mtu, kwa hiyo mtu huumba matendo yake mwenyewe. Gharama yake ni kwamba sasa kuna waumbaji wengi. Al-Ash'ari, aliyekuwa mmoja wao kabla ya kuwaacha, alianzia mahali ambapo kila mtu anaweza kupakagua. Mtu mwenye homa anatetemeka mkono. Mtu huyohuyo akipona anaunyoosha mkono kuchukua kikombe. Anajua bila kufundishwa kwamba mitikisiko hiyo miwili haifanani. Yote miwili, akasema al-Ash'ari, imeumbwa na Mungu. Lakini wa pili mja ameuchuma, na hukumu hufuata kilichochumwa. Hiyo ndiyo kasbu, yaani kuchuma, na ndiyo itikadi iliyoenea kwa Masunni wa pwani yetu. Maibadhi wa Oman na Zanzibar, pamoja na tofauti zao nyingine na Masunni, hapa wako karibu nao. Mashia Ithnaashari hushika neno la Imamu Ja'far as-Sadiq, aliyefariki mwaka 765: si kulazimishwa wala si kuachiwa, ni jambo kati ya mawili hayo.

Je, kuchuma tendo usiloliumba ni nini hasa? Waarabu wenyewe walifanya mzaha: kitu kikiwa chembamba mno hakishikiki, walisema ni chembamba kuliko kasbu ya al-Ash'ari. Nadhani mzaha huo ni wa haki. Kasbu inaonyesha kwa usahihi mahali pa kutazama, yaani tofauti ya homa na kikombe, kisha inaipa jina badala ya kuieleza.

Wakristo hawakupata njia pana zaidi. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alibishana na Pelagius aliyesema mtu anaweza kutii kwa nguvu zake. Mtaguso wa Carthage wa mwaka 418 ukamhukumu Pelagius, na tangu hapo kanisa la magharibi likabaki na neema inayotangulia kila jema la mtu. Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti, alilifikisha mwisho: Mungu amechagua wa kuokoka, bila kutazama chochote ndani yao. Wafuasi wa Arminius walipopinga, sinodi ya Dort huko Uholanzi mwaka 1618 na 1619 iliwakataa. Wapresbiteri wetu, wakiwemo wa PCEA nchini Kenya, wametoka katika mkondo wa Calvin. Wamethodisti walimfuata Arminius, na mhubiri wa Kipentekoste anayewaita watu mbele wakate shauri leo hii yuko naye pia, ajue asijue.

Jaribio lililo werevu kuliko yote, kwa jinsi ninavyoona, ni la Luis de Molina wa Hispania, padri wa shirika la Kikatoliki la Wajesuiti, mwaka 1588. Alitumia Samweli wa Kwanza sura ya 23. Daudi yuko Keila, anamuuliza Mungu: Sauli atakuja? Atakuja. Watu wa Keila watanitia mikononi mwake? Watakutia. Daudi anaondoka na watu wake, Sauli anaghairi safari, na hakuna aliyetiwa mikononi mwake. Mungu alijua jambo ambalo halikutokea kamwe: ambalo wangelifanya. Kurani nayo, sura ya 6 aya ya 28, inasema walio motoni wangerudishwa duniani wangeyarudia yaleyale. Molina akasema: basi kabla ya kuumba, Mungu alijua kila mtu anayewezekana angechagua nini kwa hiari yake katika kila hali, kisha akachagua aumbe ulimwengu upi. Mpango unabaki wake, uchaguzi unabaki wetu.

Ndugu wa pili, yule kafiri, bado anaweza kuuliza mbona haukuchaguliwa ulimwengu ambamo yeye angeamini. Na Wadominikani, shirika jingine la Kikatoliki, wakiongozwa na Domingo Báñez, waliuliza: hayo majibu ya "angefanya nini", kabla mtu hajaumbwa, yanatoka wapi, na nani aliyeyafanya yawe kweli? Wajesuiti nao wakawashtaki wenzao kwamba wanamfuata Calvin kwa mlango wa nyuma. Kesi ikafika Roma, tume zikakaa miaka, mapapa wawili wakafa katikati yake. Mwaka 1607 Papa Paulo wa Tano aliziruhusu pande zote mbili ziendelee kufundisha, akazikataza kuitana wazushi, akasema uamuzi utatangazwa wakati unaofaa. Bado haujatangazwa.